Saiba ya Kondele na saa inayoruka: si virusi, ni kompyuta inayodhani iko London

SWALI: Habari, Mwalimu. Nina saiba ndogo Kondele, Kisumu, na jioni nafundisha hesabu kwa video. Mtoto mmoja yuko Dallas, Marekani, mwingine yuko London. Sisi Kenya hatusogezi saa, lakini mwezi wa tatu ulinivuruga. Jumamosi tarehe 14 niliingia darasani saa kumi na mbili jioni kama kawaida, nikaambiwa mtoto wa Dallas alinisubiri saa nzima akaondoka. Halafu kipindi cha London cha Jumatano, ambacho siku zote ni saa moja usiku, kilijisogeza chenyewe kwenye simu kikaenda saa kumi na mbili. Nikadhani simu imeharibika, nikakirudisha. Jumapili tarehe 29, nilipofungua saiba baada ya kanisa, kompyuta kuu (ya mtumba kutoka Uingereza) ilikuwa mbele kwa dakika 60 kamili. Nilipoirudisha kwa mkono, wateja wawili waliokuwa wamekaa programu ikawahesabia dakika chini ya sifuri. Fundi anasema ni virusi, nifute Windows nzima. Na kaka yangu aliye Juba naye anasema simu yake ya zamani humwonyesha saa za Nairobi. Nianzie wapi?

JIBU: Anza kwa kumwambia fundi arudishe flashi yake mfukoni. Hakuna virusi hapo, dada, na ukifuta Windows tatizo litakusubiri hadi Oktoba kisha lirudi, maana halimo kwenye Windows. Limo kwenye jibu ambalo mtu aliipa kompyuta ilipouliza: uko wapi?

Nikisoma barua yako naona mambo matatu, na mawili umeyasoma kinyume. Simu iliyosogeza kipindi cha London ilikuwa sahihi kabisa, wewe ndiye uliyeiharibia kazi. Kipindi cha Dallas kilichotulia mahali pake ndicho kilichokuwa na kasoro. Na kompyuta ya saiba ilitii amri barabara, ila amri yenyewe ilikuwa ya mji mwingine.

Kilichotokea huko nje ni hiki. Marekani, tangu 2007, husogeza saa mbele kwa saa moja ya majira ya joto Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya husogeza Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Mwaka huu wa 2026 Dallas ilisogea 8 Machi, London ikasogea 29 Machi. Kwa hiyo tofauti yetu na Dallas ilishuka kutoka saa tisa hadi nane, na majuma matatu baadaye tofauti yetu na London ikashuka kutoka tatu hadi mbili. Katikati ya tarehe hizo, hata London na Dallas zenyewe hazikuwa na tofauti yao ya kawaida. Ndiyo maana mambo yalikufikia kwa awamu, yakaonekana kama magonjwa mbalimbali.

Sasa tuifungue hiyo kompyuta ya mtumba. Ndani ya mfumo endeshi wowote wa leo, uwe Windows, Linux au Android, kuna hesabu moja ya wakati isiyo na nchi, inayoitwa UTC. Mifumo ya ukoo wa Unix huihesabu kwa sekunde tangu 1 Januari 1970. Kando yake kuna jedwali la kanuni za kila mahali: Nairobi ongeza saa tatu mwaka mzima, London usiongeze kitu wakati wa baridi na ongeza moja wakati wa joto, na kadhalika. Ile saa unayoiona pembeni mwa kioo ni hesabu hiyo ikishapitishwa kwenye kanuni ya mahali ulipochagua. Ndani ya mfumo unaofanya kazi haihifadhiwi kama "saa kumi jioni".

Kompyuta yako ilifika bandarini ikiwa imechaguliwa London. Mtu fulani, labda muuzaji, aliona iko nyuma kwa saa tatu. Badala ya kuchagua Nairobi akasogeza saa mbele kwa mkono. Kioo kikaonyesha saa ya Kisumu, kila mtu akaridhika. Lakini ndani, kompyuta bado inaamini kwamba iko London, na kwamba saa ya London sasa hivi ndiyo hiyo uliyoandika. Maana yake UTC yake imekosea kwa saa tatu. Majira yote ya baridi ya Uingereza hakuna anayeona kosa. Usiku wa kuamkia 29 Machi ikafika saa saba usiku, ambayo ndiyo saa ambapo London huruka, nayo ikaruka kwa utiifu hadi saa nane. Hata kama ulikuwa umeizima, Windows ikiwaka huangalia kama siku ya kusogeza imepita na kujirekebisha.

Hapa Nakuru nimekutana na kompyuta nyingi za namna hii, hasa za mtumba zilizonunuliwa kwa jumla na shule au saiba, na karibu zote zimezimiwa ile huduma ya kuchukua saa kwenye intaneti. Sababu inaeleweka: kila ikiwashwa, saa inarudi ya London, mtu anakasirika, anaizima. Kwa hiyo fuata mpangilio huu, usiugeuze. Kwanza nenda kwenye mipangilio ya saa, uchague mstari wa Nairobi wenye UTC+03:00. Baada ya hapo ndipo uwashe saa ya intaneti na kuibonyeza isawazishe. Ukifanya la pili kabla ya la kwanza utaona saa imeharibika zaidi na utadhani nimekudanganya.

Alama ya kuhakikisha: ukishachagua Nairobi, kile kitufe cha kujirekebisha kwa majira ya joto hufifia, hakibonyezeki, kwa sababu kanuni ya Nairobi haina majira hayo. Kompyuta yoyote ya Kenya ambayo kitufe hicho kinang'aa na kinakubali kubonyezwa haiko Nairobi, hata kama saa yake leo iko sawa.

Na usichague mahali popote tu kwa sababu pana "+3". Simu nyingi za zamani huonyesha tofauti ya siku hiyohiyo, na mwezi wa saba Athens, Helsinki na Cairo zote huwa saa tatu mbele ya UTC kama sisi. Ukichagua mojawapo kwa haraka, mwezi wa kumi utaamka uko nyuma. Kuna mtego mwingine kwa wanaotumia Linux: jina Etc/GMT-3 ndilo lenye maana ya saa tatu mbele, si nyuma. Alama zimegeuzwa kwa sababu za kihistoria za Unix, na sijaona mtu aliyelitumia bila kujikwaa mara moja. Andika Africa/Nairobi ulale usingizi.

Labda utaniuliza, kama kioo kinaonyesha saa sahihi, UTC mbovu inamdhuru nani? Inamdhuru mteja wako anayetuma barua pepe ikaonekana imetoka wakati usio wake. Inamdhuru anayetaka kufungua tovuti ya benki, kivinjari kikakataa kwa sababu cheti cha tovuti kinaonekana hakijaanza kutumika au kimeisha muda. Zile tarakimu sita za kuingilia akaunti, zinazobadilika kila sekunde 30, huhesabiwa kutokana na UTC. Zikitengenezwa kwenye mashine iliyo na saa tatu za uongo, zitakataliwa daima hata uziandike kwa uangalifu wa namna gani.

Kwa kuwa una kompyuta kadhaa, jifunze kusoma ukubwa wa kosa kabla ya kuita fundi. Dakika 60 kamili ni suala la mahali na majira, kama lako. Saa tatu kamili, kwa Kenya, mara nyingi ni mashine yenye Windows na Linux pamoja: Linux huiandikia saa ya ndani ya mashine UTC, Windows huisoma kama saa ya hapa, basi ukitoka Linux kwenda Windows unajikuta saa tatu nyuma, na ukirudi unajikuta saa tatu mbele. Ni tofauti yetu na UTC inayojitokeza. Saa ikirudi miaka nyuma kila umeme ukikatika, nunua betri bapa ya CR2032. Dakika chache za kuchelewa zinazoongezeka polepole ni mashine isiyosawazishwa na intaneti, basi.

Nije kwa wateja wako wa dakika chini ya sifuri, maana hapo kuna kosa la kweli la programu, nalo si lako. Programu hiyo ya kuhesabu inaandika saa mteja alipoketi, inaandika saa anapoondoka, inatoa. Ulipoirudisha saa nyuma kwa dakika 60 wakiwa wamekaa dakika 20 au 30, kuondoka kukatangulia kuketi. Ungeisogeza mbele, mteja angedaiwa shilingi 60 za ziada kwa bei ya shilingi moja kwa dakika, na hapo ungesikia kelele hadi stendi ya matatu.

Mfumo endeshi hutoa saa za aina mbili kwa waandishi wa programu. Moja ni ya ukutani, yenye tarehe, inayoweza kusogezwa mbele au nyuma wakati wowote. Nyingine ni kama saa ya mwamuzi wa mbio pale Eldoret: haijui ni saa ngapi mjini, haijali, inahesabu tu muda uliopita tangu ilipobonyezwa, na hairudi nyuma kamwe. Kupima muda wa mteja ni kazi ya hiyo ya pili. Kijana aliyekuandikia programu alitumia ya kwanza kwa sababu ndiyo rahisi kuiita. Asijilaumu sana: Cloudflare, kampuni inayobeba sehemu kubwa ya tovuti za dunia, ilipata hitilafu usiku wa 1 Januari 2017 kwa sababu ya kosa la ukoo huohuo. Sekunde moja iliongezwa kwenye UTC, programu yao ikatoa wakati mmoja kutoka kwa mwingine na kupata namba hasi ambayo haikuitarajia. Mwambie kijana abadilishe kipimo. Kabla hajabadilisha, usiguse saa wakati kuna mtu amekaa kwenye kiti.

Sasa vipindi vyako. Kalenda za simu zinaporudia tukio kila juma, hulifunga kwenye saa za mahali lilipoundiwa. Kipindi cha London nina hakika kiliundwa na mzazi akakutumia mwaliko, kwa hiyo kimefungwa London: saa kumi jioni ya kule, baridi au joto. London iliposogea, kwako kikahama kutoka saa moja usiku hadi saa kumi na mbili jioni. Kilifanya unachotaka hasa kalenda ifanye. Kipindi cha Dallas ulikiunda mwenyewe ukiwa Kisumu, kwa hiyo kimefungwa Nairobi, na Nairobi haikusogea. Mtoto alikaa mbele ya kamera saa tatu asubuhi yake ya kawaida, ambayo kwako sasa ni saa kumi na moja jioni.

Rudisha cha London kama mzazi alivyokituma. Cha Dallas kifute, ukiunde upya kikiwa saa tatu asubuhi ya Jumamosi, na sehemu ya saa za eneo uchague Chicago, kwa sababu Dallas hufuata kanuni zilizoandikwa kwa jina la America/Chicago. Ukishafanya hivyo, tarehe 1 Novemba kitarudi chenyewe saa kumi na mbili jioni yako bila kukuuliza. Tarehe 25 Oktoba London itakuwa imetangulia kurudi, kwa hiyo juma hilo moja vipindi vyako vitakaa vibaya tena. Angalia kama havigongani na kazi ya saiba.

Wazazi wa Marekani wana tabia moja ya kuangalia: huandika "CST" (saa zao za kati za majira ya baridi) mwaka mzima, hata mwezi wa saba ambapo kwa kanuni zao wako kwenye CDT, yaani za majira ya joto. Ukiichukua herufi kama ilivyo utakosa kwa saa nzima, na isitoshe CST hiyohiyo hutumika pia kwa saa za Uchina. Uliza jina la mji.

Watengenezaji programu wanapenda kuhubiri kwamba kila kitu kihifadhiwe kwa UTC. Kwa yaliyopita nawaunga mkono: malipo ya jana yana dakika moja tu yaliyofanyika. Kwa miadi ya kesho kutwa nawapinga, kwa sababu serikali zinaweza kubadilisha kanuni kati ya leo na siku hiyo, tena kwa taarifa fupi mno. Misri mwaka 2016 ilitangaza kurudisha majira ya joto mwezi wa saba, ikaufuta mpango huo siku chache kabla, na hatimaye ikayarudisha 2023. Morocco ilitakiwa kurudisha saa nyuma 28 Oktoba 2018, na ilikuwa tarehe 26 serikali ilipoamua kwamba hairudishi. Simu nyingi zilirudi peke yake Jumapili hiyo zikawaacha watu na saa isiyo ya nchi. Mtu aliyeandika miadi kama "Casablanca, saa nne asubuhi" alikuwa na la kurekebisha pindi jedwali likisahihishwa. Aliyeigeuza UTC alikuwa amepoteza habari hiyo.

Jedwali lenyewe la dunia lina wenyewe. Lilianzishwa na Arthur David Olson wa Marekani miaka ya 1980, mhariri wake wa miaka mingi ni Paul Eggert, na tangu 2011 linawekwa chini ya IANA, taasisi inayosimamia majina na namba za intaneti. Linux, Android na simu za Apple hulitumia, Microsoft ina lake. Humo ndani Kenya ina historia ya kuchekesha kidogo: enzi za ukoloni Nairobi iliwahi kuwa saa mbili na nusu mbele, kisha saa mbili na dakika 45, kabla ya kutulia kwenye tatu. Nani aliona faida ya hiyo robo saa, sijui walikuwa wanawahi nini.

Jedwali likiwa sahihi, bado mfumo unaweza kukosea kulitumia. Windows 95 ilikuwa ikiandika saa mpya kwenye mashine yenyewe, kwa hiyo aliyekuwa na nakala mbili za Windows kwenye kompyuta moja alisogezewa mara mbili, kila nakala ikidhani ndiyo ya kwanza kufika. Mwaka 2010 saa za Ulaya zilirudishwa nyuma, na kengele za kila siku za iPhone zikalia zikiwa zimechelewa kwa saa nzima. Watu wakachelewa kazini Jumatatu ya 1 Novemba huku kioo cha simu kikionyesha saa sahihi.  Hizo ndizo hitilafu za kweli za mfumo endeshi, na utaona hazifanani na yako.

Masasisho basi yana maana kuliko watu wa saiba wanavyoyapa. Najua yanakula bando na yanakuja wakati mteja anachapisha barua ya kazi. Ila Windows 7 iliyoachwa 2020 haiwezi kujua kwamba Mexico iliacha kusogeza saa Oktoba 2022, wala kwamba Jordan na Syria zilibaki kwenye +3 mwezi huohuo. Windows 10 nayo msaada wake wa kawaida uliisha 14 Oktoba 2025. Kwa saa ya Nairobi peke yake hutaona tofauti. Kwa mtu anayefundisha watoto wa nchi nyingine, utaiona.

Na hapo ndipo tunamfikia kaka yako. Sudan Kusini ilikuwa na saa sawa na zetu hadi 1 Februari 2021, siku iliporudi saa nzima nyuma yetu. Simu iliyotengenezwa kabla ya hapo na isiyopata masasisho bado ina kanuni ya zamani, kwa hiyo akichagua Juba inampa saa ya Nairobi kwa uaminifu wote. Kuanzia Android 10 jedwali hili linaweza kusasishwa kupitia Google Play bila kungoja mtengenezaji wa simu, kwa hiyo kwanza aangalie kama simu yake inafika hapo. Isipofika, azime uchaguzi wa kiotomatiki na achague Kigali. Rwanda iko saa mbili mbele ya UTC kama Juba ya leo, haisogezi saa, na hata jedwali la simu ya zamani linajua hivyo. Asichague Cairo kwa sababu tu ameiona ina +2 kwenye orodha: Misri inasogeza saa Ijumaa ya mwisho ya Aprili, ambayo mwaka huu ni tarehe 24.